Wazee wa kazi ndio waliowafufua Pistons

Novemba 24, 2025, Detroit Pistons, timu ya mpira wa kikapu ya ligi ya Marekani ya NBA, waliwalaza Indiana Pacers ugenini 122-117 na kutimiza ushindi wa 13 mfululizo. Katika klabu yao, rekodi hiyo ilikuwa imefikiwa mara mbili tu kabla ya hapo, msimu wa 1989-90 na ule wa 2003-04, na misimu yote miwili iliishia kwa ubingwa. Boston Celtics waliwasimamisha siku mbili baadaye, lakini kufikia hapo gumzo lilikuwa limeshatua Kisumu, mji ambao shabiki wa Pistons amekuwa kiumbe wa ajabu katikati ya umati wa Lakers na Warriors. Gumzo silichukii hata kidogo, nimelingoja tangu magoti yangu yakiwa mazima. Ninachogombana nacho ni maelezo yanayoambatana nalo. Karibu kila anayezungumza anasema Pistons walikubali kupoteza kwa miaka, wakavuna vijana hodari kwenye drafti (mgao wa kila mwaka ambao timu za NBA huchagua chipukizi kwa zamu), na sasa subira inawalipa. Hadithi hiyo inapendeza, tena inawafaa sana viongozi wa timu zinazopoteza kila mahali, lakini hailingani na yaliyotokea. Vijana wengi wa Pistons walikuwapo timu ikiwa ya mwisho. Waliowatoa shimoni ni wachezaji waliokomaa, wazee wa kazi wasio na majina ya kutikisa, walioletwa katika majira mawili ya usajili ili vijana hao wapate pa kuchezea.

Tukumbuke walikotoka. Msimu wa 2023-24 walishinda mechi 2 kati ya 3 za kwanza, kisha wakapoteza 28 mfululizo hadi Desemba 28. Hakuna timu ya NBA iliyowahi kupoteza nyingi kiasi hicho ndani ya msimu mmoja. Ukumbini Detroit mashabiki waliimba wakimtaka mmiliki, Tom Gores, auze timu. Kocha Monty Williams alikuwa amepewa mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 78.5, akatimuliwa baada ya msimu mmoja tu. Hesabu ya mwisho ilikuwa ushindi 14 na vichapo 68. Kwa saa zetu mechi nyingi za Detroit zinaanza saa tisa usiku wakati huo wa mwaka, na anayeamka saa hiyo kuangalia timu yake ikichapwa kwa mara ya 20 anahitaji maombi zaidi ya uchambuzi. Sasa tazama nani alikuwa kikosini. Cade Cunningham alikuwapo, akifunga wastani wa pointi 22.7 na kugawa pasi za vikapu 7.5 kwa mechi. Jalen Duren alikuwapo. Ausar Thompson, Isaiah Stewart na Jaden Ivey walikuwapo. Hii ndiyo hazina ambayo leo tunaambiwa imelipa. Hazina hiyohiyo ilishinda mechi 14.

Kilichokosekana kilionekana hata kwa mtu anayetazama kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Cunningham anapiga mpira chini akipanda katikati, Duren anakuja kumkinga, na hapo ndipo mchezo wa kikapu wa siku hizi huanza: mlinzi mmoja anakwama nyuma, mwingine lazima aamue amfuate nani. Mwaka ule walinzi hawakuwa na la kuamua. Waliokuwa wakiwakaba Killian Hayes na Thompson waliwaacha peke yao pembeni, kwa sababu mitupo yao ya mbali haikumtisha mtu, wakarudi wote kujazana chini ya kikapu. Ukifunga ng'ombe watano kwenye kigingi kimoja watakanyagana hata malisho yawe mengi vipi. Cunningham alikuwa akiingia katikati ya miili mitatu, Duren akirukia pasi akiwa amezingirwa na mikono, halafu sisi mashabiki tunauliza kwa nini kijana aliyechaguliwa wa kwanza kwenye drafti anapoteza mpira ovyo. Ni kweli walikuwa na Bojan Bogdanović, mfungaji mzuri wa mbali mwenye umri wa kutosha. Alianza msimu akiwa majeruhi, na alipopona akauzwa New York Februari 2024 pamoja na Alec Burks. Hilo linaeleza fikra za uongozi wa wakati huo: mchezaji mkomavu alikuwa bidhaa ya dukani, akisubiri mnunuzi.

Majira ya kiangazi ya 2024 akaingia Trajan Langdon kuongoza masuala ya kikapu, mtu aliyechezea CSKA Moscow na kutwaa ubingwa wa Ulaya mara mbili, kwa hiyo hakulelewa na mawazo ya NBA pekee. Alimleta kocha J.B. Bickerstaff, aliyekuwa ametoka kufutwa Cleveland. Kisha akafanya usajili ambao hakuna mtoto aliyekimbilia dukani kutafuta jezi yake. Tobias Harris, aliyewahi kuchezea Detroit hadi Januari 2018, akarudi kwa dola milioni 52 za miaka miwili. Malik Beasley akasaini mwaka mmoja kwa dola milioni 6. Tim Hardaway Jr. alitoka Dallas kwa kubadilishana na Quentin Grimes, na Dallas wakaongeza chaguo tatu za raundi ya pili za drafti juu ya mzigo, yaani Pistons walipewa nyongeza ili wamchukue. Beasley alicheza mechi zote 82 na kutumbukiza mitupo 319 ya pointi tatu, pungufu ya mtupo mmoja tu kwa Anthony Edwards aliyeongoza ligi nzima. Cunningham akapanda hadi pointi 26.1 na pasi 9.1, akaitwa kwenye mechi ya nyota kwa mara ya kwanza. Pistons wakamaliza na ushindi 44. Timu iliyoongeza ushindi wake zaidi ya mara tatu kutoka msimu mmoja kamili wa mechi 82 hadi mwingine haikuwahi kuonekana NBA kabla yao. Ingizo pekee la maana kutoka drafti mwaka huo lilikuwa Ron Holland, kijana aliyekuwa bado anajifunza kazi.

Katika mtoano walikutana na New York Knicks. Mechi ya pili waliishinda 100-94, na aliyetumbukiza mtupo mkubwa mwishoni ni Dennis Schröder, mkomavu mwingine aliyeletwa Februari 2025. Huo ulikuwa ushindi wao wa kwanza wa mtoano tangu 2008. Mashabiki wa Gor Mahia waliongoja taji la ligi kuanzia 1995 hadi 2013 hawahitaji kuelezwa usiku huo ulivyokuwa. Mechi ya nne walipoteza kwa pointi moja, 94-93, na refa mkuu akakiri baadaye kuwa Hardaway alistahili kupewa faulo kwenye mtupo wa mwisho. Mechi ya sita Jalen Brunson aliwamaliza zikiwa zimebaki sekunde 4.3. Waliondolewa kwa 4-2, lakini waliondolewa wakipigana hadi mlio wa mwisho, jambo ambalo miezi 16 kabla yake lingekuwa kichekesho.

Sasa turudi kwa wanaosema kupoteza ndiko kulikolipa. Kati ya hoja zote hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na ajabu ndiyo inayorudiwa zaidi. Bahati nasibu ya drafti ya miaka hiyo iliipa timu mbovu kuliko zote nafasi ya asilimia 14 tu ya kuchagua wa kwanza, na iliweza kuishusha hadi nafasi ya tano. Pistons walimaliza wa mwisho 2023, mwaka ambao zawadi ilikuwa Victor Wembanyama, wakaangukia nafasi ya tano. Walimaliza wa mwisho tena 2024, wakaangukia nafasi ya tano tena. Mara zote mbili walishuka hadi mwisho wa pale wanapoweza kushuka. Duren, ambaye msimu wa 2025-26 amekuwa mhimili wao wa pili, hakutokana na kupoteza kabisa: alichaguliwa wa 13 mwaka 2022 na Detroit wakampata kwa mabadilishano, baada ya kukubali kubeba mkataba wa Kemba Walker. Stewart alikuwa wa 16 mwaka 2020. Daniss Jenkins hakuchaguliwa na timu yoyote. Wakati huo alichezea mkataba wa nusu NBA nusu ligi ya chini, na Novemba 2025 ndiye aliyetupia mpira wa kusawazisha dhidi ya Washington Wizards kabla ya muda wa ziada. Nakubali kitu kimoja, na si kidogo: Cunningham alikuja kwa sababu timu ilikuwa mbovu, chaguo la kwanza la 2021. Bila yeye hakuna cha kuandika hapa. Lakini alikuwa Detroit misimu mitatu, na katika misimu hiyo hawakuwahi kufikisha ushindi 25. Kama mbegu ni ileile na shamba ni lilelile, anayetaka kueleza mavuno aniambie nini kilibadilika mwaka wa nne.

Kuna hoja nyingine inayonisumbua zaidi, na anayeifahamu Pistons ataitoa haraka. Wale wazee wa kazi niliowasifu wameondoka. Hardaway alikwenda Denver, Schröder akaenda Sacramento, na mazungumzo ya mkataba mpya wa Beasley yalisimama Juni 2025 baada ya habari za uchunguzi wa kamari, ingawa Agosti mawakili wake walisema yeye si mlengwa tena. Timu ilipoteza watupaji wake, haikutegemea tena pointi tatu kama timu nyingine za ligi, ilifunga zaidi chini ya kikapu, iligombania ribaundi (mipira inayodunda mtupo ukikosa) kama watu wanaodaiwa kodi, na bado ilishinda zaidi. Je, hiyo haionyeshi kuwa vijana wangefika tu, wakubwa wawepo wasiwepo? Hoja ina nguvu, lakini inasahau nani ameingia. Duncan Robinson alitoka Miami, Caris LeVert akasaini kutoka soko la wachezaji huru, na Harris alibaki. (Hardaway, Robinson na LeVert wote walichezea Chuo Kikuu cha Michigan, kisichofika hata saa moja kwa gari kutoka Detroit. Langdon inaonekana anapenda kununua sokoni jirani.) Robinson amecheza fainali mbili za NBA na hapimwi kwa pointi zake. Tazama mechi moja ukimfuata yeye pekee, achana na mpira. Anakimbia kutoka kona hadi kona, na mlinzi wake hathubutu kuangalia nyuma. Duren akiruka peke yake kudaka pasi, sehemu ya kikapu hicho ni ya Robinson ingawa jina lake halionekani kwenye takwimu. Msimu wa 2024-25 kazi hiyo ilifanywa na Beasley, msimu uliofuata ikafanywa na mwingine. Langdon hakuhangaika na majina, alihakikisha kazi ina mtu. Na Duren wa leo, anayejua apokee mpira wapi na amalizie vipi, amejifunza hayo akiwa na nafasi ya kupumua, mbele ya wachezaji waliokwisha kuzoea kushinda. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wenye mashaka na mechi zile 13 nawaelewa zaidi kuliko wanavyodhani. Usiku ule wa Wizards, Cunningham alifunga pointi 46, lakini alitupa mara 45 na kutumbukiza 14 tu, na Pistons walihitaji muda wa ziada kuwashinda 137-135 watu waliokuwa mkiani mwa ligi. Kanda ya Mashariki nayo ilikuwa imelegea. Jayson Tatum wa Boston aliumia kano ya kisigino Mei 2025, Tyrese Haliburton wa Indiana akaumia ileile Juni kwenye fainali, na timu hizo mbili hazikufanana na zilivyokuwa. Kwa hiyo sisemi Detroit ni mabingwa. Nasema msingi wao haukusimama juu ya bahati ya mwezi mmoja. Wakati wa mfululizo huo Cunningham alikosa mechi kadhaa kwa maumivu ya nyonga na timu ikaendelea kushinda. Msimu wa 2023-24, asipokuwapo yeye, hata kuvuka nusu ya uwanja kulikuwa kazi.

Tena wenyewe Detroit walishaona haya. Mimi niliwafahamu kupitia jezi ya mtumba niliyoinunua soko la Kibuye, nambari 3 ya Ben Wallace, maandishi yamechubuka hadi herufi ya mwisho ikawa ya kukisia. Wallace huyo hakuchaguliwa kwenye drafti ya 1996. Alifika Detroit mwaka 2000 kama sehemu ya kufidia kuondoka kwa Grant Hill. Chauncey Billups alikuwa amezungushwa timu kadhaa kabla ya kupata nyumba. Richard Hamilton aliletwa 2002 kwa kubadilishana na Jerry Stackhouse aliyekuwa nyota wao. Rasheed Wallace alifika Februari 2004, katikati ya msimu, baada ya kuichezea Atlanta mechi moja. Katika watano wa kwanza waliowabomoa Lakers wa Shaquille O'Neal na Kobe Bryant kwa 4-1 kwenye fainali za 2004, ni Tayshaun Prince tu aliyetokana na drafti ya Detroit, tena nafasi ya 23. Chaguo lao la pili la 2003, Darko Miličić, waliyempendelea kuliko Carmelo Anthony na Dwyane Wade, alitazama ubingwa ule akiwa benchi. Halafu wakasahau. Novemba 2008 wakampeleka Billups Denver na kumchukua Allen Iverson, jina lililokuwa kubwa kuliko miguu yake ya wakati huo. Baadaye akaja Josh Smith, akaachwa Desemba 2014 huku akiendelea kulipwa. Januari 2018 akaja Blake Griffin, na kwa kumpata walimtoa Tobias Harris, huyuhuyu waliyelazimika kumrudisha. Kila mara klabu iliponunua bango la matangazo, iliuza kitu kilichokuwa kikifanya kazi.

Ndiyo maana kila Februari, mwezi wa kufunga dirisha la mabadilishano ya wachezaji, inanitia wasiwasi kuliko mechi yoyote. Timu inayoongoza Mashariki ikiwa na vijana wa thamani itapigiwa simu na kila mwenye nyota anayezeeka. Wapo mashabiki waliotaka Thompson na Holland wauzwe ili aje mfungaji wa pili mwenye jina. Siwapuuzi: katika mtoano, Cunningham akizibwa, Detroit bado haina mtu wa uhakika wa kujitengenezea kikapu, na Knicks walilionyesha hilo vizuri. Lakini bei ni kubwa. Thompson anamkaba mchezaji bora wa timu yoyote, na ulinzi huo ndio unaowapa mpira wa kukimbia nao. Kama ni kununua, wanunue Beasley mwingine wa bei ya chini. Wanamhitaji zaidi kuliko uso wa kuweka kwenye basi.

Huku kwetu somo hili linaumiza kidogo, kwa sababu timu za kikapu za Kisumu na Magharibi kwa jumla zimeendeshwa kwa namna ya Pistons wa 2023. Vijana hawakosekani. Maseno imetoa wachezaji tangu zamani, na ukipita kwenye viwanja vya shule jioni utaona mikono mirefu ya kutosha. Tatizo ni kwamba kijana akifika miaka 22 anaondoka. Ligi yetu imejengwa juu ya waajiri: Ulinzi Warriors ni wa jeshi, KPA ni wa bandari ya Mombasa, Equity ni benki, vyuo vikuu vina timu zake, na Nairobi City Thunder, klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, mwaka 2025, wana wawekezaji. Kisumu inabaki na wa miaka 18, mwaka baada ya mwaka, na viongozi wanajisifu kuwa wanawapa vijana nafasi. Nafasi gani, ikiwa hakuna wa kumwambia mgawaji asikimbilie katikati pale walinzi watatu wanapomsubiri? Hata timu ya taifa ilipowashinda Angola 74-73 kule Yaoundé Februari 2021 na kurudi AfroBasket, kombe la kikapu la mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993, mtupo wa mwisho ulikuwa wa Tylor Ongwae, mtu mzima aliyekuwa akicheza Denmark. Katika sekunde ile hakuna aliyetamani mpira uwe mikononi mwa chipukizi.

Watu wa aina hiyo mji huu unao, ila hawahesabiwi. Walimu, maafisa wa benki, wauguzi na wahandisi huhamishiwa Kisumu kila mwaka, na baadhi yao walicheza vyuoni Nairobi na Eldoret. Utawaona Jumamosi asubuhi, goti limefungwa bandeji, wamesimama konani bila kukimbia sana, na bado kijana anayewakaba hathubutu kuwaacha kwa sababu mpira ukiwafikia unaingia. Kocha akiwaalika mara mbili kwa wiki, wakilipiwa nauli na maji, mgawaji wa miaka 18 atapata njia ambayo hajawahi kuiona. Gharama yake haifiki hata ya seti moja ya jezi mpya ambazo viongozi hupenda kupigwa nazo picha. Kabla ya kutangaza tena majaribio ya vijana, mtu azunguke kwenye vyumba vya walimu na matawi ya benki aulize nani aliwahi kucheza. Wengi watasingizia magoti. Watatu wakikubali, wanatosha kuanzia msimu.